Sura ya Sita: Nani Athibitishe Kwamba Simu Ilirudi?

Nchini Marekani, mtu anayechukua simu kwa mkataba wa kampuni ya mtandao huilipia kidogokidogo kwa miezi 24 au 36, ndani ya bili ileile ya kila mwezi inayobeba gharama za kupiga simu na intaneti. Simu ikiharibika yenyewe ndani ya kipindi cha dhamana, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja, mara nyingi kampuni haiitengenezi huku mteja akisubiri. Inamtumia simu mbadala kwa mzigo wa posta, aghalabu simu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine ikakarabatiwa, pamoja na lebo ya kurudishia ambayo nauli yake imeshalipwa. Mteja anatakiwa aitie ile mbovu ndani ya boksi hilohilo, abandike lebo, na aifikishe posta au kwa msafirishaji kabla ya siku alizopewa kwisha. Siku zikipita bila simu kuonekana kwenye vitabu vya kampuni, bili inayofuata huja na tozo ya simu isiyorudishwa. Tozo hiyo ni ya thamani ya simu nzima: dola mia kadhaa, na kwa simu za bei ya juu huweza kukaribia dola 1,000.

Utaratibu huu una manufaa yake, na mteja anaupenda kwa sababu hakai bila simu. Shida inaanza pale mteja anaposema ameirudisha na kampuni inasema haijaipokea. Kati ya kaunta ya posta na rafu ya ghala kuna mikono mingi. Lebo inasomwa na mashine mzigo unapopokelewa, unapopita kwenye vituo vya kati, na unapofika. Lakini mashine hiyo inasoma lebo ya boksi, haisomi kilichomo. Ghalani, ambako mara nyingi kazi hufanywa na mkandarasi na si kampuni yenyewe, mtu hulifungua boksi, huitoa simu, husoma namba yake ya utambulisho na kuiingiza kwenye kumbukumbu. Familia iliyobadilishiwa simu mbili kwa wakati mmoja ikichanganya lebo, kumbukumbu mbili zinaharibika. Boksi likikaa kwenye rundo wiki mbili bila kufunguliwa, mfumo wa bili hausubiri: tarehe ikifika unatoza. Halafu kuna ukaguzi. Ndani ya simu nyingi, kwa mfano kwenye tundu la kadi ya SIM la iPhone zilizo nalo, kuna kibandiko kidogo cheupe au cha rangi ya fedha ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Mkaguzi akikikuta chekundu, huandika kwamba hitilafu haimo kwenye dhamana, na mteja huweza kutozwa kana kwamba simu haikurudi kabisa. Mteja hakuwepo ukaguzi ulipofanyika. Hajui simu yake ilipita wapi na mikononi mwa nani kabla ya kufunguliwa, na aghalabu simu yenyewe haioni tena.

Hoja ya sura hii ni moja. Katika ugomvi wa namna hii, mzigo wa kuthibitisha unapaswa kubebwa na kampuni, wala si mteja. Na mpaka kampuni ithibitishe, pesa zibaki mfukoni mwa mteja. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mteja tu. Nasema hivyo kwa sababu ushahidi karibu wote uko upande mmoja. Kampuni ndiyo iliyotoa lebo, kwa hiyo namba ya kufuatilia mzigo iko kwenye mfumo wake. Kampuni ndiyo iliyochagua msafirishaji na ghala. Na kampuni ndiyo inayoendesha mtandao. Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI, ambayo mtu yeyote anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Simu inapowashwa ikajiunga na mtandao, mtandao unaweza kuisoma namba hiyo. Sasa, kama mteja amebaki na simu aliyodai kuirudisha, simu hiyo iko wapi? Akiitumia kwenye mtandao uleule, kampuni inaweza kuiona. Ikiingizwa kwenye orodha ya simu zilizozuiwa ambayo kampuni za mawasiliano hushirikiana kuitumia, itakataliwa hata kwenye mitandao mingine inayoifuata orodha hiyo. Mteja kwa upande wake ana nini? Ana karatasi ndogo ya posta, kama alikumbuka kuiomba. Kumdai yeye athibitishe kilichotokea ndani ya ghala asilowahi kulikanyaga ni kumtaka atoe ushahidi ulio mkononi mwa mshitaki wake.

Ubaya unaongezeka kwa sababu tozo hutangulia na mazungumzo hufuata. Mamilioni ya wateja wameweka malipo ya moja kwa moja, kwani kampuni nyingi huwapunguzia bei wanaokubali utaratibu huo. Kwa mteja wa namna hii, dola 700 zinaweza kutoka benki kabla hajaifungua bili. Asiyeweka malipo hayo naye ana hofu yake: akilipa bili pungufu, kampuni inaweza kuihesabu akaunti nzima kuwa ina deni, ikafunga laini anayopatikana kwayo na mwajiri wake, shule ya watoto wake na benki yake. Deni likiendelea kukaa, linaweza kupelekwa kwa wakusanyaji wa madeni, na kutoka hapo likaingia kwenye rekodi za taasisi tatu kubwa za taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion. Kwa sheria ya Marekani, deni lililopelekwa kwa wakusanyaji linaweza kukaa kwenye rekodi hiyo miaka saba. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari hukuta mlango umefungwa kwa sababu ya simu aliyoirudisha. Ndiyo maana wengi hulipa wasichodaiwa. Wanapima dola mia kadhaa upande mmoja na jina lao la kifedha upande wa pili, kisha wanasalimu amri.

Pengine msomaji atauliza: mahakama ziko wapi? Jibu limo katika kesi iliyoanzia, kwa bahati, kwenye simu za mkataba. Mwaka 2002, Vincent na Liza Concepcion wa California walijiunga na huduma ya mtandao iliyotangazwa kuwa inakuja na simu za bure. Bei ya simu hawakutozwa, ila walitozwa dola 30.22 za kodi ya mauzo, zilizokokotolewa kwa bei ya rejareja ya simu hizo. Mwaka 2006 walifungua kesi, na shauri lao likaunganishwa na kesi ya pamoja kwa niaba ya wateja wengine. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema migogoro yote iende kwa msuluhishi binafsi, mteja mmojammoja, bila kesi ya pamoja. Mahakama za chini zilikikataa kifungu hicho kwa msingi wa sheria ya California. Tarehe 27 Aprili 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kinyume. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1925, ambayo ni ya taifa zima, inaishinda kanuni ya jimbo. Jaji Stephen Breyer, kwa niaba ya majaji waliopinga, aliuliza ni wakili gani mwenye akili timamu atakayebeba kesi ya dola 30.22. Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Tangu hukumu hiyo, dai dogo la mteja mmoja dhidi ya kampuni ya simu limebaki kuwa dai la mteja mmoja, hata kama maelfu wamedhulumiwa kwa njia ileile.

Na tusidhani kwamba bili za simu hukosewa kwa nadra. Oktoba 2010, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilifikia makubaliano na Verizon Wireless kuhusu tozo za intaneti ambazo wateja hawakuziomba, kwa kiwango cha dola 1.99 kwa megabaiti. Kampuni ilikubali kurejesha angalau dola milioni 52.8 kwa wateja wapatao milioni 15, na kuilipa hazina ya serikali dola milioni 25. Ukigawanya, kila mteja alikuwa anadai dola chache tu. Hakuna hata mmoja ambaye ingemfaa kwenda mahakamani peke yake, lakini jumla yake ni mali kubwa. Miaka minne baadaye likaibuka jambo zito zaidi: tozo za jumbe za nyota, vichekesho na milio ya simu, mara nyingi dola 9.99 kwa mwezi, zilizopachikwa kwenye bili za watu ambao hawakuwahi kujiandikisha. Mwaka 2014, AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105 na T-Mobile angalau milioni 90. Mei 2015 zikafuata Verizon na Sprint, kwa jumla ya dola milioni 158. Katika mashitaka yake dhidi ya T-Mobile, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ilidai kwamba kampuni hiyo ilikuwa inabaki na asilimia 35 hadi 40 ya kila tozo. Funzo lake si kwamba watu wa kampuni za simu ni wezi. Funzo ni kwamba kosa linalomwingizia mkosaji pesa halina haraka ya kusahihishwa. Tozo ya simu isiyorudishwa ni ya jamii hiyohiyo: ghala likizembea, anayepoteza si mwenye ghala.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la haki, na lazima lijibiwe kwa uzito wake. Wapo wateja wadanganyifu. Wapo wanaorudisha boksi tupu, au simu ya zamani yenye uzito unaofanana na ile mpya, kisha wanaiuza ile nzuri nchi ya mbali ambako orodha ya simu zilizozuiwa haifuatwi. Kampuni ikiwa lazima ithibitishe kila kitu, je, wezi hawatapata mwanya? Nakubali kwamba baadhi watapita. Lakini angalia kinachohitajika ili kuwakamata wengi wao. Boksi lipimwe uzito linapopokelewa na msafirishaji na linapofika. Lifunguliwe mbele ya kamera. Namba ya IMEI isomwe siku hiyohiyo, na mteja atumiwe ujumbe: tumepokea simu yenye namba hii, hali yake ni hii, na hii ndiyo picha ya kibandiko chake cha maji. Hakuna jambo hata moja hapo lililo gumu kwa kampuni inayoweza kuhesabu kila megabaiti anayotumia mteja wake. Mdanganyifu hutegemea giza la ghala kama vile kampuni inavyolitegemea. Taa ikiwashwa, mwaminifu pekee ndiye asiye na cha kuogopa. Kwa utaratibu wa leo, mwaminifu na mwizi wanapokea bili moja, na mwizi ndiye aliyejiandaa kwayo.

Pingamizi la pili linasema mteja alitia saini mkataba, na mkataba unampa njia ya usuluhishi ambayo ni rahisi na ya bei nafuu. Hata kifungu kilichobishaniwa katika kesi ya akina Concepcion kilikuwa na ukarimu wake: msuluhishi akimpa mteja zaidi ya kile kampuni ilichomwahidi mara ya mwisho kwa maandishi, kampuni ingemlipa angalau dola 7,500. Ni kweli, na mtu aliyeonewa asiidharau njia hiyo. Lakini haki inayotegemea kila mmoja apigane peke yake hutumiwa na wachache mno. Ofisi ya Marekani ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilipochunguza vifungu vya aina hiyo katika masoko sita ya bidhaa za fedha kwa miaka ya 2010 hadi 2012, ilikuta wastani wa mashauri kama 600 tu kwa mwaka kwenye chombo kikuu cha usuluhishi, katika nchi yenye mamilioni ya wateja wa huduma hizo. Ama saini, mteja hakuketi mezani kujadili kifungu hata kimoja. Aliletewa maandishi yaliyokwisha kuandikwa, akaambiwa akubali au akose simu. Sheria za nchi nyingi, pamoja na za Marekani kwenyewe, zinatambua kwamba makubaliano ya namna hiyo yana mipaka.

Wapo pia watakaosema kwamba gharama za kuthibitisha zitaongezwa kwenye bei, na wateja wote watalipa. Jibu langu ni kwamba Marekani imekwisha kulifanya jambo hili kwingine na biashara haikuanguka. Tangu mwaka 1974, sheria ya bili za kadi za mkopo inampa mteja siku 60 kuipinga tozo kwa maandishi. Benki lazima ikiri kulipokea lalamiko ndani ya siku 30, imalize uchunguzi ndani ya vipindi viwili vya bili visivyozidi siku 90, na katika muda huo haiwezi kumdai kiasi kinachobishaniwa wala kumripoti kuwa hajalipa. Mwaka 1978 ikaja sheria ya uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki, nayo ikasema wazi kwamba mteja akikana kuidhinisha muamala, ni juu ya benki kuthibitisha kwamba aliuidhinisha. Wakati ule nako ilihofiwa kwamba wateja wangekana kila kitu. Kadi zimeenea dunia nzima, na mtu huzitumia bila woga kwa sababu anajua kosa likitokea hatabebeshwa yeye kwanza. Bili ya simu ya leo, ambayo imekuwa mkopo wa kifaa cha dola 1,000, haina sababu ya kuwa na ulinzi hafifu kuliko kadi ya dukani.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndugu walioko huko. Kati ya mwaka 2016 na 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili; Wakenya na Watanzania nao wako huko kwa miaka mingi. Kwa mgeni, simu ya mkataba huwa miongoni mwa mikopo yake ya mwanzo, na rekodi yake ya mikopo bado ni changa. Doa moja humuumiza kuliko mwenyeji. Ya pili ni kwamba biashara yenyewe imeshafika kwetu. Kwa muda mrefu Afrika Mashariki ilikingwa na migogoro hii kwa sababu tunalipa kabla ya kutumia: salio likiisha, mazungumzo yamekwisha. Julai 2020, Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na malipo yakisimama simu inafungwa kwa mbali. Wakopeshaji wengine wa simu, kama M-KOPA, nao wanatumia ufungaji wa namna hiyo. Hapa nguvu ya kampuni ni kubwa kuliko ya Marekani, kwa kuwa haihitaji mkusanyaji wa madeni. Kifaa chenyewe ndicho rehani. Simu kama hiyo ikipelekwa kwenye dhamana na mteja akapewa nyingine, lazima iandikwe waziwazi deni linahamia wapi, na nani anathibitisha kwamba ile ya kwanza imepokelewa.

Tuna misingi ya kujengea. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na ya kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ambayo hupokea lalamiko la mteja aliyeshindwa kuelewana na kampuni yake. Kinachokosekana ni kanuni fupi na ya wazi: tozo ya kifaa inayobishaniwa isikatwe, na kifaa kisifungwe, mpaka kampuni ionyeshe ushahidi.

Mpaka kanuni hiyo ipatikane, mteja ajilinde, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kufunga boksi, piga picha ya namba ya IMEI kwenye kioo, ya kibandiko cha maji na ya simu ikiwa ndani ya boksi lenye lebo. Ondoa akaunti yako kwenye simu, maana simu iliyorudi ikiwa imefungwa nayo huweza kutozwa. Usitumbukize boksi kwenye sanduku la barabarani. Likabidhi kaunta, udai risiti yenye namba ya kufuatilia. Tozo ikija, pinga kwa maandishi, na kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, iandikie benki ndani ya zile siku 60. Aliyeko Marekani anaweza kupeleka lalamiko FCC bila malipo, na kampuni inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mkusanyaji wa madeni akikuandikia, una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, naye hana budi kusimama mpaka alithibitishe. Mahakama za madai madogo nazo ziko wazi katika majimbo, na mikataba mingi ya simu haizuii kwenda huko.

Lakini tahadhari ya mteja isigeuzwe kuwa kisingizio cha kampuni. Picha na risiti ni silaha ya anayeshambuliwa. Hazimwondolei mshambuliaji wajibu wake. Wabunge, mamlaka za mawasiliano na vyama vya kutetea walaji wana jambo moja la kudai, nalo ni dogo: anayesema simu haikurudi, athibitishe yeye kwanza, kisha ndipo atoze.